Nani Aliyeua Chitima?

Mwezi Januari 2015, watu waliotoka mazikoni huko Chitima, mkoani Tete nchini Msumbiji, walikunywa pombe ya mahindi iliyopikwa na mama mmoja wa palepale. Wengine walianguka siku ileile. Hesabu ilipofungwa, watu 75 walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya 150 walikuwa wamefikishwa hospitali. Mpikaji mwenyewe alikuwa miongoni mwa marehemu. Serikali ikatangaza siku tatu za maombolezo ya taifa.

Jibu lilienea kabla ya uchunguzi: nyongo ya mamba. Katika nchi nyingi za ukanda huu watu huamini kwamba nyongo hiyo ni sumu ambayo mwenye chuki huidondosha kwenye pombe ya jirani, na hata maafisa wa afya waliitaja siku za mwanzo. Nyongo ya mamba haiingii pipani yenyewe. Lazima kuwe na mkono, na mkono una mwenyewe. Swali la kijiji likawa: nani?

Maabara zilichukua miezi kutoa jibu lao. Kwenye pombe ile zilikuta asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na dalili za bakteria huyo zikapatikana katika unga uliochukuliwa nyumbani kwa mpikaji. Mahojiano yalionyesha tofauti moja kubwa kati ya pipa lile na yaliyotangulia. Mapipa ya nyuma yalipikwa kwa unga mzuri, na lile la msiba lilipikwa kwa unga ulioharibika.

Hakukuwa na adui. Kulikuwa na unga.

Jibu hilo lingemtosha mtu wa maabara. Je, linamtosha aliyezika mume na mwana kwa siku moja? Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alilitazama swali hili kwa karibu miongoni mwa Wazande, watu wa mpaka wa Sudan Kusini na Kongo za leo, katika kitabu chake cha 1937. Anasimulia habari za ghala la nafaka linaloangukia watu waliojipumzisha kivulini mwake. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Anachouliza ni kwa nini ghala lilianguka saa ileile, juu ya watu walewale. Anasimulia pia habari za mtu aliyeingia usiku kukagua pombe yake akiwa na kishada cha nyasi kinachowaka, nyumba ikashika moto. Kwamba moto huunguza nyasi hakuna aliyebisha, lakini mara ngapi alikuwa ameingia hivyohivyo na pasitokee lolote? Kwa Wazande, pengo hilo hujazwa na uchawi.

Wazande hawakuwa wajinga. Sayansi inaeleza namna jambo lilivyotokea, na mfiwa anauliza kwa nini limempata yeye. Maswali hayo ni mawili, na kulijibu la kwanza hakulifuti la pili. Kosa huanza pale la pili linapopewa jina la jirani. Marafiki wa Ayubu walikuwa na haraka hiyohiyo: walipoona msiba walitafuta mkosaji, wakamtwika kosa aliyekuwa amekaa majivuni. Tanzania inaijua gharama ya haraka hiyo kwa vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, hasa Kanda ya Ziwa, kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, macho ambayo mara nyingi yamekolezwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Lakini kumwondoa mchawi hakuondoi hatia yote. Kati ya chuki na bahati mbaya kuna kitu cha tatu, nacho ni uzembe. Dini na falsafa zimekifikiria kwa undani kuliko tunavyokumbuka. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo darini, asije akaibebesha nyumba yake damu ya mtu atakayeanguka. Mwenye nyumba hakumsukuma yeyote, lakini damu inamhusu. Mafakihi wa Kiislamu nao walimbebesha dhamana anayechimba shimo kwenye njia ya watu, mpita njia akatumbukia. Aristotle aliandika kwamba kutojua si udhuru pale mtu alipokuwa na uwezo wa kujua na akapuuza.

Sasa tuurudie unga wenyewe, kwa sababu hatia ya namna hii hupimwa kwa kile ambacho mtu angeweza kukiona. Tuchukue mfano wa ulezi, ambao nao hupikiwa pombe: punje yake nzima iliyokauka huhifadhika kwa miaka. Ina ganda, ni ndogo, na wadudu hawaipendi. Ikishasagwa, ganda limevunjika, mafuta yake yamekutana na hewa, na unga hunyonya unyevu kutoka sakafuni, ukutani na angani. Kimea kina udhaifu zaidi, kwani nafaka hiyo ilishaloweshwa na kuoteshwa kabla ya kuanikwa. Kisipokauka sawasawa, kinahifadhiwa pamoja na maji yake. Ndiyo maana wapikaji makini huhifadhi kimea bila kukisaga, huweka gunia juu ya chaga mbali na ukuta, na hupeleka mashineni kiasi cha pipa moja tu.

Anayeingiza mkono kwenye gunia lililopata unyevu hukuta madonge, joto kidogo, harufu ya uvundo, pengine utando wa kijani au mweusi. Sumu ya Chitima yenyewe haina harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Hapo ndipo desturi moja inapohatarisha watu: unga usiofaa kwa ugali husemwa kwamba "wa pombe utafaa", kana kwamba moto na kuchachuka ni toba ya nafaka. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, nayo hustahimili moto wa kawaida wa jikoni. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa huko Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliua watu 125.

Je, basi mama wa Chitima ndiye mwenye hatia? Alikunywa alichopika, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba hakujua. Swali la haki zaidi ni kama angeweza kujua, na kama aliyejua angemudu kumwaga gunia zima. Kwa mjane anayesomesha watoto kwa pombe ya mapipa mawili kwa mwezi, kumwaga unga ni kumwaga ada. Jamii inayokunywa kwa bei ya chini, ikamwachia hasara yote mtu mmoja, imeshiriki katika uamuzi wake wa kutoumwaga.

Kwa hiyo dhamana ikigawanywa, hasara nayo igawanywe. Kamati za misiba na harusi tayari huandika michango ya sufuria, turubai na mchele. Ziandike pia unga wa pombe au wa togwa: watu wawili wafungue gunia mchana, waingize mikono mpaka chini, na wakikuta madonge au ukungu unga ufukiwe, wasipewe hata kuku, kisha mpikaji alipwe gunia jingine kutoka mfuko wa shughuli. Padri, shehe na mzee wa ukoo wanaoombea marehemu wanaweza kulidai jambo hili kabla ya mazishi kwa uzito uleule wanaodai sanda.