Mwenye Kujitolea na Mwenye Haja Yake

Vijana wetu wenye kazi za kompyuta wametuuliza suala, nasi twaliona lastahiki jawabu: mtu afanyaye kazi bila ya ujira, na moyoni ana haja yake, je, huyo amejitolea, au ni mfanyabiashara aliyejifunika nguo ya wema?

Ziko programu ziitwazo huria, ambazo maandishi yake yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatengeneza na kuyatumia. Mnamo Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kuwa anatunga mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu. Aliutaka kwa mashine yake mwenyewe. Leo mfumo huo, Linux, umo ndani ya simu za Android tulizo nazo mifukoni, na wengi wanaouendeleza hulipwa mishahara na makampuni. Je, wema umeondoka? Hatuoni hivyo. Achimbaye kisima uani kwake kwa kiu yake, kisha akawaachia jirani mlango wazi, hatumwulizi alianza kwa kiu ya nani. Na atakaye jina au kazi nzuri kwa maandishi yake ametaka jambo la halali, maadamu hakumdhulumu mtu.

Lawama twaiona kwingine. Iko programu, OpenSSL, ifichayo siri baina ya mtu na benki yake. Aprili 2014 ilidhihirika ina kasoro, ikaitwa Heartbleed, nayo ilikuwa imekaa humo miaka miwili. Michango waliyoipata watunzaji wake ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, ilhali makampuni makubwa ya dunia yaliitegemea usiku na mchana! Baada ya aibu hiyo ndipo yalipoahidi mamilioni. Hawakuiba, kwani ruhusa walikuwa nayo. Walakini waliteka maji miaka yote wakiiona kamba inachakaa.

Na mtunzaji akichoka akaacha, wako watakaomwita mchoyo. Twauliza: aliwekeana nao mkataba gani? Ila twamtaka atangaze mapema, na awajue anaowakabidhi funguo. Machi 2024 programu iitwayo XZ Utils ilikutwa imetiwa mlango wa siri na mtu aliyeisaidia kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka mtunzaji wake, aliyekwisha kuchoka, akamwamini. Msaidizi huyo hakuwa akiomba ujira, na jina alilolitumia hadi leo halijulikani ni la nani.