Je, Ni Dhambi Kutazamia Hasara ya Mwenzio?

Mwezi wa Machi 2025, vita vilipoukaribia mgodi wa Bisie huko Walikale, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi karibu wote. Katika soko la London bei ya bati ikapanda, maana wanunuzi walitazamia upungufu. Kadhalika huko Marekani: hesabu ya ajira ikipungua, mara nyingine bei za hisa hupanda, maana wenye fedha hutumaini kwamba riba itashushwa.

Je, kutazamia hivyo ni dhambi? La. Hata mwuza maharagwe wa Masisi, asikiapo njia imekatika, hukisia bei ya kesho. Lakini ajichunguze moyoni: anakisia tu, au anaomba njia isifunguliwe? Kuiona mapema hasara ya jirani ni busara. Kuitamani ni uovu.