Jiwe la kupakilia maji

Ndugu msomaji, hapa kwetu Kivu tunapenda kusema kwamba mkono mmoja haufungi mzigo. Ni neno la kweli, na wazee walitufundisha kulifuata katika shamba, katika kujenga nyumba, katika matanga na arusi. Lakini kuna swali ambalo tunaliruka. Kabla ya mikono kukutana, ni nani aliyefikiri namna mzigo utakavyofungwa? Je, yule atakayeubeba aliulizwa? Na kama hakuulizwa, kile tulichomfanyia kinaweza kuitwa wema? Sitajibu kwa maneno makubwa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Shule ninapofundisha iko juu ya mlima, upande wa Bushi. Zamani maji yalikuwa mbali, huko chini mtoni, na watoto wa kike walikuwa wanachelewa kila asubuhi juu ya kazi ya kuvoma. Sisi walimu tuliwavumilia. Kisha mradi mmoja ukatuletea robine. Fundi mkubwa alikuja na michoro yake, mabomba na sementi. Kwa kuwa ninajua Kifaransa, mimi ndiye niliyetafsiri maneno ya wageni mbele ya watu, na siku ya kufungua nilisoma hotuba ya shukrani. Shefu alikata kamba, watu wakapiga makofi, maji safi yakatoka. Juma lililofuata niliandika kwa mkono wangu, kwenye ukuta wa shule, kwamba kuanzia siku ile neno la maji halikubaliwi tena kama sababu ya kuchelewa.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliendelea kuchelewa. Nilimpa azabu ya kufagia uwanja. Alifagia bila kusema kitu. Mara ya pili, azabu tena. Mara ya nne nilimuuliza: «Weye, robine iko karibu na kwenu, unachelewa sababu gani?» Akajibu akiangalia chini: «Mwalimu, siye tunavomaka ku mto.»

Jioni nilikwenda kwao. Mama yake alinipa kiti, akanisalimia kwa heshima, kisha akasema: «Mwalimu, ile mayi ni muzuri, siwezi kusema mubaya. Lakini bidoni ya litre makumi mbili ikishajaa, iko chini. Asubuhi niko peke yangu. Ni nani atanisaidia kuipandisha ku mugongo? Kule ku mto kuko jiwe. Tena muzamu wa robine anafunguaka saa mbili, na mutoto anapashwa kuwa mu masomo saa moja na nusu.»

Hapo nikakumbuka lile jiwe. Nililiona tangu utoto wangu bila kuliangalia. Ni jiwe pana, urefu wake unafika kiunoni. Mama anaweka bidoni juu yake, anaijaza kwa kopo, anageuka, anapitisha mugozi kwenye paji la uso, kisha anasimama taratibu na kuondoka. Kilo makumi mbili zinapanda mgongoni bila msaada wa mtu. Mama wa mama zetu ndio walilisukuma na kulisimamisha pale. Hawakuchora karatasi, lakini walichora: walipima jiwe kwa mwili wao.

Nilimuuliza: «Sasa mama, sababu gani hamukusema ile siku ya mukutano?» Akacheka kidogo. «Mwalimu, ni nani alituuliza? Muliongea Kifaransa na wale wageni, kisha ukatuambia tupige makofi.»

Ndugu msomaji, neno lile lilinichoma kuliko tusi. Mtoto alipewa azabu mara tatu kwa sababu ya kosa lililokuwa katika mchoro, na aliyeleta mchoro ule kwa watu ni mimi.

Wengine watasema: basi, fundi alikuwa mtu mubaya. Hapana. Maji ya mto yanaleta kuhara na tifoidi. Fundi alijua mambo ya uchafu na nguvu ya maji ndani ya bomba, ambayo mama yule hakuyajua. Lakini mama alijua mgongo wake, na fundi hakuujua. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kazi. Kosa si ujinga wa huyu wala wa yule. Kosa ni kwamba zile nusu mbili hazikukaa pamoja, na katikati yao nilikuwa nimesimama mimi niliyesoma.

Katika historia ya inchi yetu tumejua pia kosa la namna nyingine, lile la kukutanisha mikono na kuacha vichwa nje. Wakati wa Wabeleji, tangu mwaka 1917, sheria iliwapasa wanakijiji kutoa siku 60 kwa mwaka kwa mashamba ya lazima, pamba na mengine. Watu walilima pamoja, ndiyo, lakini shamba lilichorwa na mwingine, na mavuno yalikwenda kwa mwingine. Tena katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, neno salongo lilifanywa jina la kazi ya lazima. Kazi ya pamoja ambayo wazee waliifanya kwa moyo ikawa kazi ya kuogopa. Ndiyo maana hata leo, ukisema «tufanye salongo», wengine wanatafuta njia ya nyuma. Si kwamba Wakongomani ni wavivu. Wanakumbuka kwamba waliitwa kuleta mikono tu.

Tuangalie sasa kitu kilichochorwa na wenye mzigo wenyewe. Kule Goma na katika Kivu ya Kaskazini yote kuna chukudu. Ilianza kuonekana katika miaka ya 1970, wakati maisha yalikuwa yamekuwa magumu. Ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali: mwili wa miti migumu kama eukaliptusi, magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi za zamani, na kipande cha mpira nyuma cha kukanyaga ili kuzuia mwendo. Mahali pa kuweka goti pamewekwa kitu laini, sababu anayeshuka mlima na viazi au makala anapiga goti juu yake. Inabeba kilo mia kadhaa. Hakuna kiwanda kilichoituma. Aliyeisukuma alirudi kwa seremala na kusema hapa inanichoma, hapa inavunjika, na seremala akarekebisha. Mwaka 2009 Goma ilisimamisha sanamu yake ya rangi ya zahabu katikati ya mji. Mimi ninaiona kama sanamu ya mazungumuzo kati ya mbebaji na fundi.

Likelemba ni vilevile. Hakuna mtaalamu aliyewaambia wamama wa soko wachange kiasi gani na nani apokee kwanza. Wanakaa, wanapatana. Siku mtoto wa mmoja akigonjwa, wanabadilisha zamu. Kanuni inasimama kwa sababu waliitunga wenyewe na wanajua mahali pa kuilegeza.

Lakini nisidanganye wasomaji kwa kusifu desturi tu. Barza ya wazee, pale wanaume wanapokata maneno ya kijiji, nayo ina makosa yake. Mara nyingi mama alileta pombe na viti, halafu akarudi jikoni. Kijana alisikiliza bila kusema. Kama mradi ungeuliza wazee wetu tu, wazee wangejibu juu ya kimo cha robine bila kuwa wamebeba bidoni hata siku moja. Kwa hiyo «kuuliza jamii» haitoshi. Sherti kujua ni nani ndani ya jamii anabeba mzigo, na kumuuliza huyo, mahali ambapo anaweza kusema, katika luga yake.

Kuna mfano mmoja mjini Bukavu. Cité de la Joie ilifunguliwa mwaka 2011 kwa ajili ya wamama na wasichana waliotendewa ukatili wakati wa vita. Kabla ya kujenga, wamama wenyewe waliulizwa wanataka nini. Wengi tungefikiri watataka dawa na chakula. Wao walitaka mahali pao, pa kukaa kwa usalama, kujifunza na kugeuza uchungu kuwa nguvu. Na wengine wao walitia mikono katika kazi ya kujenga. Ninyi mnaona: swali lilibadilisha hata kile kilichojengwa.

Na hapo ndipo ugumu uko. Kuuliza si adabu tu. Anayeuliza kwa kweli anakubali kwamba jibu linaweza kuvunja mpango wake, kupoteza wakati, na kumwaibisha mbele ya watu. Asiyekubali hivyo hajauliza bado, ametangaza tu.

Sisi tulifanya nini? Nilifuta maandishi yangu kwenye ukuta. Nikamwomba yule mtoto samahani mbele ya darasa, na ninakiri kwamba sauti yangu ilitetemeka, maana katika malezi yetu mkubwa haombi mdogo samahani. Kisha tuliitana, wamama wakiwa wengi kuliko wanaume. Mama mmoja alisimama kando ya robine na bidoni mgongoni, na fundi mwashi wa kijiji akapima kutoka chini mpaka mahali bidoni inapoanzia. Likelemba ya wamama ilitoa franka za sementi, wanafunzi wakabeba mawe, na katika Jumamosi mbili tukajenga kitako cha kuwekea bidoni, tukapandisha na mdomo wa robine juu yake. Juu ya saa ya kufungua, mambo hayakuisha vizuri: muzamu aliomba kuongezewa kwa kuamka mapema, na mpaka leo kila mwaka tunabishana naye juu ya kiasi.

Sikuhuzunika kwa mabishano hayo. Wakati robine ilikuwa ya wageni, hakuna aliyebishana juu yake. Watu waliipita tu na kushuka mtoni. Sasa wanagombana kwa sababu ni yao.

Basi ndugu zangu, hasa ninyi walimu na vijana mnaotoka masomoni na diploma: siku mtakapoleta mpango kijijini, tafuteni kwanza lile jiwe. Kila kijiji kina jiwe lake, na anayejua liko wapi ni yule anayebeba.