Kwenda Kutazama Maji: Ni Ibada au Ni Mchezo?



Tulipotangaza katika darsa yetu kwamba tutawachukua vijana kwenda kwa miguu kuyatazama maziwa na malambo ya bara, mzee wetu mmoja tunayemheshimu alitukemea. Alisema kijana na akae adurusu kitabu chake, kwani kuzunguka maporini kutazama maji ni mchezo wa watu wasio na kazi. Hatukumjibu siku ile, kwa kuwa neno lake lilikuwa na uzito. Twapenda kulijibu sasa, baada ya kwenda na kurudi. Na msomaji ataona kwamba hatukurudi na jawabu lile tulilokwenda nalo.

Tulikwenda na hoja hii. Wanazuoni wamepambanua baina ya yakini ya kujua na yakini ya kuona. Aliyeambiwa kwamba kuna moto, amejua. Aliyeuona moto kwa macho yake, amejua zaidi. Nasi watu wa miji ya pwani twayajua maji kwa kusikia tu. Kwetu maji huanza mferejini. Twafungua, twajaza ndoo, twatawadha birikani mwa msikiti, na yakikatika twalalamika. Ama ukimwuliza kijana wa Mombasa maji haya yatoka wapi, hunyamaza.

Basi tulianza Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako mgeni huruhusiwa kushuka garini akatembea kwa miguu mpaka ukingoni mwa maji. Nchi iliyozunguka hapo ni kavu, imetapakaa mawe meusi ya volkano. Katikati ya ukavu huo huchimbuka maji maangavu, hata mtu huwaona samaki na viboko ndani yake. Asili yake ni mvua inyeshayo katika vilima vya Chyulu. Vilima hivyo havina mito, kwa sababu majivu na mawe yake yana vitundu. Mvua huzama, ikasafiri chini ya ardhi makumi ya kilomita, ikichujwa njia nzima, mpaka itokeze Mzima. Sehemu ya maji hayo huingia mto Tsavo. Sehemu nyingine hutiwa katika bomba lililokamilika mwaka 1957, likayachukua masafa ya kilomita 220 hivi mpaka kwenye mahodhi ya Mazeras, na kutoka hapo yakateremka Mombasa.

Vijana walistaajabu, wakamshukuru Mola wao. Lau tungalirudi nyumbani siku ile, tungaliandika kwamba mzee wetu alikosea, na makala haya yangaliishia hapa.

Lakini siku nyingine tulitembea bara ya Mazeras, katika nchi ipitiwayo na bomba, tukafika penye lambo. Lambo ni shimo pana lililochimbwa na kuzuiwa kwa udongo ili kukinga maji ya mvua. Wakati ule maji yalikuwa yamepungua, yamebaki katikati tu, yana rangi ya tope. Ng'ombe walikuwa wakinywa upande mmoja. Na upande wa pili mama mmoja mtu mzima alikuwa akiteka kwa kikombe, akichuja kwa pembe ya leso kutia mtungini. Tulimwamkia, akatuitikia, kisha akauliza, "Wanangu, mmekuja kutazama nini?" Kijana mmoja akamjibu, "Tumekuja kutazama maji, mama." Yule mama akacheka kidogo, akasema, "Basi tazameni. Mkimaliza mnitwike."

Tukamtwika, akaenda zake. Nasi tulirudi kimya.

Mama yule hakuhitaji safari wala darsa ili aijue thamani ya maji. Huyaendea kwa miguu kila siku. Kwa hivyo safari yetu haikuwa fadhila. Ilikuwa dawa ya ujinga wa watu wa mjini, na mgonjwa hajisifu kwa kunywa dawa. Hapo tulitambua kwamba mzee wetu alikuwa amesema nusu ya haki.

Na nusu ya pili ni hii. Twaijua katika vitabu hukumu ya Mtume (S.A.W.) baina ya Zubeir na jirani yake wa Kiansari, walipogombania maji ya kunyweshea mitende huko Madina: aliye juu anyweshe kwanza, kisha amwachilie jirani yake maji yateremke. Katika hukumu hiyo mna haki mbili, ya aliye karibu na chanzo na ya aliye mbali nacho, wala moja haiui nyingine. Tumeisomesha miaka mingi bila kujiuliza sisi ni nani ndani yake. Sasa tumejiuliza. Sisi wa Mombasa ndio wa chini, na maji yatufikia sisi, hali wako watu wapitiwao na bomba wasio na mfereji. Watu wa Taita Taveta wamedai kwa miaka mingi wapate fungu lao katika maji ya Mzima, na wengi wetu tulilisikia dai hilo kana kwamba ni choyo. Mwenye kudai zamu yake si mchoyo.

Huenda mtu akasema: Mombasa nayo ina kiu, iko mitaa ikaayo siku nyingi mifereji mikavu, watu wakanunua maji ya mkokoteni. Ni kweli, wala hatusemi wa chini asinywe. Twasema kwamba aliyeionja kiu ndiye apasaye zaidi kuitambua kiu ya mwenziwe. Hapana mmoja wetu mwenye amri juu ya bomba, lakini kila mtu ana amri juu ya mkono wake na ulimi wake. Ama mkono, Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kadiri ya kibaba kimoja cha maji, nasi twauacha mfereji ukimwagika tangu kuosha viganja mpaka miguu. Ama ulimi, tunapoidai serikali maji, tuwadaie na wakaao kando ya bomba, tusiudaie mji peke yake.

Basi kwenda kutazama maji ni ibada au ni mchezo? Aliyerudi na habari za uzuri wa mahali tu, amecheza, na mchezo wa halali hauna ubaya. Aliyerudi akilijua deni lake, ameanza ibada. Twasema ameanza, kwani deni halilipwi kwa kujulikana.

Tumemwomba mzee wetu afuatane nasi safari ijayo. Amekubali kwa sharti moja: vijana wachukue majembe na makarai, na kwa idhini ya wenyeji lambo lile lizolewe tope kabla ya mvua. Sharti lake tumelipokea.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.