Kosa la Ulimi na Kosa la Moyo



Katika ukurasa huu tumezoea kuulizana maswali yasiyo na jibu la mkato. Swali la safari hii ni hili: Je, ni halali kumsahihisha mtu lugha yake wakati anapobishana nasi? Huenda wengine watasema ni swali dogo, tena la kitoto, hasa watakapoona ya kuwa limezaliwa na mpira. Twawaomba wavumilie kidogo. Jambo hilo dogo limetuondolea msomaji wa masomo katika kanisa letu, na aliyemwondoa si mwingine ila sisi tunaoandika.

Jumapili tarehe 5 Novemba 2023 Simba na Yanga zilikutana katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Baada ya ibada na chakula cha mchana watu wengi wa hapa kwetu Tarime walikwenda kutazama, wengine majumbani, wengine katika yale mabanda ambayo vijana huyaita "banda umiza". Sisi tulikwenda bandani, kwa maana mpira haunogi ukiutazama peke yako. Hatufichi ya kwamba tu watu wa Simba tangu utotoni. Hadi mapumziko timu zilikuwa sare, bao moja kwa moja. Kipindi cha pili Yanga wakafunga manne, mchezo ukaisha tano kwa moja. Wenzetu wa Yanga wakatoka wakiimba. Sisi wa Simba tukabaki kwenye mabenchi ya nje kama watu waliofiwa.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na wala haukuwa kati yetu na Yanga. Ulikuwa wa Simba kwa Simba. Mmoja alimlaumu refa, mwingine viongozi. Sisi tulimlaumu kocha, tena kwa sauti ya darasani. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, ambaye pia alikuwa katika zamu ya kusoma masomo kanisani, akatupinga kwa adabu. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Kocha hakuingia uwanjani. Beki zetu zirirara kipindi cha pili."

Tungaliweza kumjibu. Tungaliweza kumwuliza ni beki yupi na ni bao lipi, au kukubali tu ya kuwa timu isiyolala haifungwi mabao manne katika kipindi kimoja. Badala yake tukasema mbele ya watu wote: "Mura, beki si kiti. Sema mabeki wetu. Tena hawakurara, walilala. Jifunze Kiswahili kwanza, ndipo uje kutufundisha mpira." Watu wakacheka sana, hata wale ambao dakika chache nyuma walikuwa wameshika tama. Kijana naye akatabasamu, akachukua kofia yake ngumu, akaondoka.

Zamu yake ya kusoma ilipofika, alimwomba mtoto wa shule amsomee. Zamu iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Mzee wa kanisa alipomwuliza sababu, alijibu, "Mzee, wapo wanaojua Kiswahili. Wasome hao."

Basi, na tulitazame kosa lake, kisha tulitazame letu.

Kosa lake lilikuwa nini? Kila mwalimu aliyefundisha katika wilaya za Tarime na Serengeti anajua habari ya L na R. Kikurya hakitenganishi maneno kwa sauti hizo mbili kama Kiswahili kinavyofanya. Mtoto aliyeanza kusema kwa lugha ya mama yake huja shuleni na sauti moja, naye hutakiwa kuigawa mbili. Wengine huweza upesi, wengine huchukua miaka, na wengine huzeeka bado. Huo si uvivu wala ujinga. Majirani zetu Waluo husema L na R bila taabu, lakini lugha yao haina SH, na wengi wao husema "samba" wakikusudia shamba. Kila mtu huingia katika Kiswahili kwa mlango wa nyumbani kwake.

Tena Kiswahili chenyewe tunachokiita sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Krapf, mmisionari wa CMS, alianza kazi yake Mombasa mwaka 1844, akakiandika Kiswahili cha huko. Askofu Steere wa UMCA alikiandika Kiswahili cha Unguja. Wote wawili walitumwa na vyama vya misheni vya Kanisa letu la Anglikana, na kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano huko Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa lugha ya shule na vitabu. Watu wa Mvita husema "mato" pale ambapo Waunguja husema "macho". Kama mkutano ule ungalichagua kinyume, sisi walimu tungalitumia maisha yetu kuwakata alama watoto walioandika "macho", nasi tungalijiona wenye haki kabisa.

Hatusemi hayo ili kudharau kanuni. Lugha ya taifa yahitaji kanuni, kama mchezo wa mpira unavyohitaji mistari ya chokaa. Lakini aliyeichora mistari ni binadamu, naye aliichora ili watu wacheze. Hakuichora ili watu wafukuzwe uwanjani.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, mna habari ambayo kila mwalimu wa lugha angepaswa kuisoma mara kwa mara. Watu wa Gileadi walipigana na watu wa Efraimu, wakawashinda, kisha wakavishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliulizwa kama ni Mwefraimu. Akikana, aliambiwa atamke neno moja tu, Shibolethi. Waefraimu hawakuiweza ile SH; walisema Sibolethi, wakauawa pale pale kivukoni. Maandiko yanataja watu 42,000 walioanguka wakati ule.

Sisi tunaoishi pande mbili za Mto Mara twajua maana ya kivuko. Kivuko ni mahali pa kumpitisha mtu. Watu wa Gileadi walipageuza kuwa mahali pa kumnasa. Tena angalieni ya kuwa Efraimu na Gileadi hawakuwa mataifa mageni. Wote walikuwa Israeli, wa ukoo wa Yusufu. Hiyo nayo ilikuwa vita ya Simba kwa Simba. Na neno lile halikuulizwa ili mtu afundishwe kulitamka. Hakuna Mwefraimu hata mmoja aliyejifunza SH siku ile. Sarufi ilikuwa imefanywa upanga.

Hapa ndipo tunapoona tofauti. Mwalimu humsahihisha mtoto ili avuke. Anataka mtoto afike upande wake, asome, ashinde mtihani, aandike barua isomeke. Lakini katika ubishi, anayemsahihisha mwenziwe mara nyingi hutaka abaki ng'ambo. Maneno ni yale yale, "sema hivi, usiseme vile", na kanuni ni ile ile. Kinachotofautiana ni nia iliyomo moyoni. Kwa hiyo mtu aweza kusema kweli tupu juu ya ngeli, na wakati huo huo akatenda dhambi dhidi ya jirani yake.

Kwa nini tulifanya hivyo? Tumejiuliza sana. Jibu tulilolipata halitupendezi, nalo ni kwamba tulikuwa tumefungwa mara mbili. Simba ilikuwa imefungwa Dar es Salaam, na hoja yetu ilikuwa imefungwa pale benchini. La kwanza hatukuweza kulifanya lolote. Huzuni ya mshabiki ni huzuni ya ajabu: hakucheza, hakupanga timu, wala hawezi kurudisha hata bao moja. Huzuni isiyo na kazi ya kufanya hutafuta mtu wa karibu wa kumwangukia. Hata klabu yenyewe ilitafuta: siku mbili baada ya mchezo ule Simba iliachana na kocha wake Robertinho, mtu wa Brazil. La pili, hoja ya kijana, tuliweza kulijibu, lakini jibu la haki lingalikuwa "umesema kweli", na maneno hayo mawili yalitushinda kutamka kuliko Shibolethi.

Tena tulisahau mambo. Mwaka 1977 tulikuwa wanafunzi wakati Simba ilipoifunga Yanga sita kwa bila, na Abdallah Kibadeni akafunga mabao matatu peke yake. Mwaka 2012 Simba iliifunga Yanga tano kwa bila. Siku hizo hatukumsahihisha mtu yeyote Kiswahili. Waliosema "zirirara" juu ya mabeki wa Yanga tuliwakumbatia. Hiyo yatosha kuonyesha ya kuwa siku ile hatukuwa tukiitetea lugha. Mpenda lugha wa kweli husahihisha hata siku ya ushindi.

Msomaji mmoja aweza kuuliza: Basi, tuache kila mtu aseme apendavyo? La, hasha. Mtoto anayechanganya "kula" na "kura" atapata hasara katika mtihani, na mwalimu anayemwacha hivyo kwa kumwonea haya hampendi. Kunyamaza nako kwaweza kuwa dharau, kana kwamba tunasema, "Huyu hata akifundishwa hatafika." Neno letu ni kwamba kusahihisha ni kazi ya upendo, na kazi ya upendo ina masharti yake. Twapendekeza maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kufungua kinywa.

Kwanza, je, tumelijibu alilolisema? Kama tumemwelewa, na siku ile hakuna hata mmoja ambaye hakuelewa, basi hoja yake ndiyo yenye haki ya kujibiwa kwanza. Lugha itangoja.

Pili, je, twaweza kumwambia faraghani? Bwana wetu alifundisha ya kuwa ndugu akikosa, tuanze kwa kumwendea peke yake. Ikiwa ndivyo kwa dhambi, si zaidi kwa herufi moja?

Tatu, je, baada ya kusahihishwa atasema zaidi, au atanyamaza? Mwanafunzi aliyesahihishwa vema huinua mkono tena. Aliyesahihishwa vibaya huficha mikono yote miwili.

Sisi tulishindwa maswali yote matatu, na tulikuwa tumefundisha miaka mingi, tukiwa na cheti cha chuo cha ualimu ukutani.

Ilituchukua muda mrefu kuliko tulivyopenda, lakini hatimaye tulimwendea kijana yule kazini kwake. Alikuwa amechuchumaa, mikono imejaa oili, amefungua injini ya pikipiki ya mtu. Tukamwambia tumekuja kumwomba radhi kwa maneno ya siku ile. Akainama zaidi kwa haya, akasema, "Mwalimu, hayo yamepita. Wewe ni mzazi." Tukasema hayajapita, maana zamu yake inasomwa na mtoto. Akanyamaza kitambo, akifuta spana kwa kitambaa. Kisha akainua macho, akauliza, "Lakini Mwalimu, siku ile beki hawakulala?"

Alilitamka neno polepole sana, kwa uangalifu, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Tuliona aibu kuliko tungalisikia tusi. Tukajibu, "Walilala, mura. Ulisema kweli."

Hajarudi kusoma bado. Tulipomwomba, alisema ataangalia, nasi hatutamsukuma. Jina lake limebaki katika orodha ya zamu, na Mchungaji amekubali lisifutwe. Siku atakaposimama mbele ya kusanyiko, twawaomba ninyi nyote, watu wa Simba na watu wa Yanga, wa Tarime na wa ng'ambo ya mto Serengeti, msikilize kinachosomwa. R ikitokea mahali pa L, Neno litakuwa limefika vile vile.

Mungu atupe sote masikio ya kusikia hoja ya ndugu, na ulimi unaojua kusema, "Umesema kweli." Amina.