Je, Alikufa Bure?

Tarehe 23 Juni 2018 wavulana 12 na mwalimu wao msaidizi wa kandanda walizuiwa na mafuriko ndani ya pango la Tham Luang, kaskazini mwa nchi ya Thailand. Wapiga mbizi wawili Waingereza waliwakuta hai tarehe 2 Julai. Siku nne baadaye Saman Kunan, aliyepata kuwa mwanamaji wa jeshi, alijitolea kupeleka mitungi ya hewa pangoni. Akiwa njiani kurudi, akafa. Kufikia tarehe 10 wote 13 walikuwa wametolewa.

Saman hakumtoa hata mtoto mmoja. Je, alikufa bure? Wengine huuliza kwa nini mtu afe kwa ajili ya watu walioingia pangoni kwa hiari yao. Lakini Msamaria hakumhoji majeruhi kwa nini alipita njia ile. Kifo chake ni msiba. Mkewe alibaki mjane. Hata hivyo, njia ya giza haipitiki mpaka atangulie mtu wa kuweka hewa. Wajibu wetu haupimwi kwa mavuno tuliyoyaona kwa macho. Mungu atujalie moyo huo.