Akipata Nafuu, Tumshike Mpaka Lini?

Dada mmoja aliniita kando baada ya ibada, naye ameniruhusu kuandika haya. Mwanawe anaishi New York, na mahakama ya huko imeongeza amri kwamba atibiwe kwa lazima mwaka mwingine. Hajafungwa wala kulazwa. Analala kwake, anaenda kazini, lakini ni lazima afike kliniki na afuate mpango wa dawa. "Pasta, kijana yuko sawa sasa. Mbona hawamwachilii?"

Sheria hiyo inaitwa Kendra's Law. Kendra Webdale alisukumwa mbele ya treni Januari 1999 na mtu mgonjwa wa akili aliyekuwa ameacha dawa. Watu husahau kwamba mtu huyo alikuwa ametafuta msaada mara nyingi hospitalini. Sheria ilipita mwaka huohuo, na haikuwekwa iwe ya kudumu. Mwaka 2022 iliongezwa muda hadi 2027. Mgonjwa akikataa matibabu, anaweza kupelekwa hospitalini na kushikiliwa hadi saa 72 ili apimwe. Anayetaka amri iongezwe lazima arudi kwa jaji, daktari atoe ushahidi, na mgonjwa awe na wakili.

Nilitaka kumjibu dada upesi kwamba huo ni uonevu. Halafu nikamkumbuka ndugu yangu mdogo.

Miaka iliyopita tulimwombea, akatulia. Mimi ndiye niliyemwambia imani haitembei na vidonge. Akaacha. Haikupita muda tukawa tunamfunga kamba nyumbani, tukisema ni kwa sababu tunampenda. Hakuna jaji aliyetuuliza tutamfungua lini. Hakuna wakili aliyemtetea. Kwa hiyo siwezi kusimama huku nikiwacheka Wamarekani na makaratasi yao. Angalau amri yao ina tarehe ya kuisha, na kuna mtu anayelazimika kueleza kwa nini iongezwe.

Lakini dada ana hoja. Kijana akiugua, watasema anahitaji amri. Akipata nafuu, watasema ni amri inayomsaidia, basi iongezwe. Sasa atafanya nini ili aaminiwe? Kwangu mimi, nafuu pekee isiwe sababu. Waeleze yaliyotokea alipoacha dawa zamani, na kwa nini wanadhani atarudia leo. Na kabla ya hayo yote, aulizwe yeye mwenyewe. Yule mtu wa makaburini (sisemi kila ugonjwa wa akili ni pepo, tafadhali tuache hilo) alifungwa minyororo na watu wake, akaikata. Yesu alipofika alimuuliza jina lake.

Nikamwambia dada, "Umemuuliza kijana?" Kumbe hakuwa amemuuliza. Alimpigia simu usiku ule. Kijana akamwambia, "Mama, dawa ningemeza hata bila jaji. Kinachonichosha ni kuitwa kortini kama mshtakiwa, na hata wewe hujawahi kuniuliza kama nitaendelea." Sasa anataka kumwambia jaji maneno hayohayo, na mama amekubali kumwandikia barua.

Ndugu yangu siku hizi humeza dawa zake saa mbili usiku, hakumbushwi na mtu. Alama ya kamba bado iko mkononi. Tumekula pamoja Krismasi nyingi tangu wakati ule, na sijawahi kumwomba msamaha.